Pilau ya Krismasi tuliyopeleka Queensbury, na hotpot tuliyosahau kuifuata

Heshima kwenu wakuu.

Miaka mingi nimekuwa msomaji tu humu ndani, nacheka na vituko vyenu kwenye treni nikitoka kazini. Leo naandika mimi. Majina nimebadilisha na kanisa letu sitalitaja, ila mengine yote yalinitokea kama nitakavyoyasimulia, hata pale nitakapoonekana mtu wa hovyo. Hasa pale.

Niko London mwaka wa kumi na tano huu. Kazi yangu ni carer. Naenda nyumba kwa nyumba kuwahudumia wazee, kuwaogesha, kuwapa dawa, kuwapashia chakula. Likumbukeni hilo, maana ndilo linaloniuma zaidi.

Tuna fellowship yetu, Watanzania wengi na Wakenya kiasi, tunasali Kiswahili Jumapili mchana kwenye ukumbi wa kukodi. Kila Desemba tunafanya kitu tunachokiita Krismasi ya Upendo. Tunapika, tunapanga magari, tunawapelekea chakula wazee wanaoishi peke yao. Katibu wa kamati ni mimi.

Krismasi iliyopita kwenye list yetu kulikuwa na mama mmoja wa Queensbury, hapa hapa London. Nitamwita Mama Kusum. Ni Mhindi wa Tabora, marehemu mume wake alikuwa na duka la vitambaa kule, wakahamia huku zamani sana. Anaishi peke yake kwenye flat. Mtoto wake wa kiume, Nilesh, anakaa Stanmore na familia yake.

Jina lake tulipewa na dada mmoja Mkenya wa fellowship yetu. Alikaa naye foleni ya clinic, akamsikia anahesabu vidonge vyake kwa Kiswahili.

Basi tukaenda, watu sita, na kofia nyekundu vichwani. Akafungua mlango, tukamwimbia pale pale kwenye ngazi. Mama akalia.

Na Kiswahili chake kimenyooka, wakuu. Wanangu waliozaliwa hapa ukiwasalimia kwa Kiswahili wanakujibu "I'm fine, Dad" huku macho yako kwenye simu. Yeye anakuuliza habari za kazi, za watoto, za mama mkwe, za mvua nyumbani, mpaka ukoo unaisha.

Tukampa pilau ndani ya hotpot. Hotpot yenyewe ni ya mke wangu, ya kijani, ile ya kati kwenye seti ya tatu aliyopewa na dada yake siku ya harusi yetu. Kuichukua nilichukua, kuomba sikuomba vizuri.

Tukapiga picha, nyingi tu. Tukaomba. Tukakaa kama dakika ishirini, kwa sababu kulikuwa na nyumba nyingine tano za kumaliza kabla giza halijaingia.

Mlangoni akatuuliza, "Na chombo chenu?"

Nikamjibu mimi, kwa mdomo wangu huu, "Usihangaike mama, tutaifuata Jumapili."

"Jumapili," akasema. "Haya, nitawangoja."

Sasa wakuu, mnajua tunavyoongea sisi. "Nitapita Jumapili" nusu yake ni kuaga tu. Anayesema anajua, anayeambiwa anajua, na hakuna anayekasirika. Ila yule mama ameishi London muda mrefu, kwenye nyumba ambayo hakuna mtu anamwambia atapita. Aliambiwa Jumapili, akashika Jumapili.

Jumapili hiyo nilikuwa na shift. Iliyofuata mvua. Halafu Januari ikafika na mambo yake, nikasahau kabisa.

Hapana. Nilisema nitasema kweli. Sikusahau kabisa. Mke wangu alikuwa ananikumbusha. Kila akitaka ile hotpot namwambia iko kanisani, ipo tu kwenye kabati la ukumbi. Akaandika kwenye group la WhatsApp, "Mwenye hotpot ya kijani naomba airudishe." Watu wakaanza kurushiana mpira, mama fulani akakwazika akatoka kwenye group. Mimi nilisoma yote, na nilikuwa najua iko wapi, nikanyamaza.

Tukafika Septemba. Dada mtu, huyo huyo aliyetoa seti, akawa anakuja kutoka Moshi kwenye graduation ya mtoto wake. Mke wangu akanisimamia jikoni. "Siku dada akifika, nataka zote tatu ziwe mezani."

Kwa hiyo Jumamosi moja alasiri nikawasha gari kwenda Queensbury. Naomba mlione hili vizuri. Sikwenda kumwona Mama Kusum. Nilifuata hotpot.

Mlango ulikuwa wazi, ndani maboksi yamepangwa mpaka kwenye korido. Mwanaume wa makamo akatoka ameshika selotepu ya kufungia maboksi. Nikamsalimia, nikamwambia mimi natoka kwenye fellowship ya Kiswahili, tulikuja Krismasi.

Akaiweka selotepu chini.

"You're the pilau people?"

Nikasema ndiyo. Akamwita mama yake ndani, sauti imebadilika, "Ba, there's someone here."

Mama Kusum alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha. Amepungua sana, mkono wa kulia una kovu jipya kuanzia kwenye kiganja mpaka karibu na kiwiko. Na mezani mbele yake, juu ya taulo safi, ilikuwepo hotpot ya mke wangu. Inang'aa kuliko siku ilipotoka dukani.

"Umekuja," akasema. Kisha akamgeukia mwanawe, akarudia kwa Kiingereza ili asikie vizuri. "I told you they will come."

Nikapiga magoti pale nikamsalimia. Nikaanza kuomba radhi, akanikata kwa mkono. Akasema hakuna neno, kazi za huku anazijua. Nikanyoosha mkono kwenye hotpot, naye akaweka wake juu ya mfuniko.

"Sikupi hivi," akasema. "Ni tupu. Wamenizimia jiko."

Wakuu, nyote mmelelewa na mama zenu. Jirani akikuletea chakula, humrudishii chombo kitupu. Unaweka hata chumvi, hata nyanya mbili. Mimi nilizaliwa nikaikuta hiyo, na yeye huko Tabora aliikuta hiyo hiyo.

Sikuelewa kitu mpaka Nilesh aliponiita koridoni. Hakupaza sauti, alinieleza kwa utaratibu kabisa.

Kuanzia Jumapili ile baada ya Krismasi, mama yake alikuwa anapika. Kila Jumapili. Anaamka mapema, anakaanga bhajia au kachori, anajaza hotpot, anavaa sari nzuri, anakaa dirishani. Jumatatu Nilesh akipita kabla ya kazi anakuta chakula kimelala, anamuuliza ni cha nani. Anajibiwa cha watu wa kanisani, Waswahili, wanakuja kuchukua chombo chao.

Watu gani? Hajui majina. Namba ya simu? Hana. Sisi tuliondoka pale na picha zake kadhaa, yeye hatukumwachia hata karatasi.

Wiki zikapita, miezi ikapita. Nilesh, ambaye hotpot alidhani ni ya mama mwenyewe, akaanza kuona mama yake anaona watu ambao hawapo. Akampeleka kwa daktari. Mama akaambiwa kumbukumbu zinalegea, na yeye akashikilia pale pale kwamba watakuja.

Jumapili moja ya mwezi wa sita aliweka mafuta jikoni, akaenda dirishani kwa sababu alisikia gari limesimama nje na watu wanaongea Kiswahili. Hawakuwa sisi. Moto ulishika kitambaa, akajaribu kuuzima kwa mkono.

Jiko likakatwa baada ya hapo. Social worker akaja, vikao vikakaa, ikaamuliwa hawezi kuishi peke yake. Nilimkuta amebakiza siku nne ahamie care home, nyumba ya kutunzia wazee.

Nilitoa simu yangu nikamwonyesha Nilesh picha. Mama yake na sari ya kijani kibichi, hotpot mikononi, sisi na kofia zetu tumemzunguka, tunacheka.

Akakaa juu ya boksi. Akaikuza ile picha kwa vidole mpaka kwenye hotpot.

"I thought she was making you up," akasema. "If one of you had come back. Just once."

Hakunifokea. Ningependa angenifokea.

Nikauliza kijinga kama bado inawezekana abaki. Akatikisa kichwa. Alisema macho nayo yameshakuwa mabaya, flat imeshapata mtu, na pengine ingefikia hapo tu hata bila sisi. Alisema hivyo kunipunguzia mzigo, na ni mtu mwema kwa kufanya hivyo. Ila mimi ni carer. Naingia nyumba za wazee kila siku, najua kumngoja mtu asiyekuja kunamfanya nini mzee. Kwa mama wa watu nilijua na bado sikwenda.

Halafu kuna hili, ambalo nililijua wakati naondoka. Nilimuuliza Mama Kusum kama pilau yetu alau aliifurahia. Akatabasamu, akasema alimpa jirani wa chini, nayo ikaliwa yote.

Ilikuwa na nyama ya ng'ombe, wakuu. Mama ni Mhindu, hajala nyama maisha yake yote. Watu sita tulipanda ngazi na hotpot ya nyama ya ng'ombe kumpelekea upendo wa Kristo, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kuuliza anakula nini. Yeye akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakiosha chombo chetu, na akakipikia miezi sita.

Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Mke wangu akauliza hotpot iko wapi. Nikakaa nikamweleza yote, kuanzia uongo wa kabati la kanisani. Nilijua kitanuka. Akaenda kulala. Asubuhi akaniuliza hiyo care home iko wapi.

Iko Rayners Lane. Jumamosi iliyofuata tulikwenda wote wawili. Mke wangu alikuwa amepika wali wa nazi na mchicha, kaweka kwenye hotpot kubwa ya seti ile ile. Dada mtu alikuwa ameshafika, akataka kuja naye ila akabaki nyumbani. Alipoambiwa kisa chote alisema hiyo ya kati imeshapata mwenyewe.

Mama Kusum alikuwa chumbani kwake, hotpot ya kijani juu ya kabati dogo la kando ya kitanda. Nilesh alisema alikataa kuhama bila hiyo.

Alipotuona akaichukua, akaniwekea mikononi. "Sasa unaweza kuibeba."

Nikafungua. Ndani kulikuwa na biskuti. Zile za chai ya saa kumi wanazowapa wazee, mbili mbili, kila jozi imefungwa kwa tishu. Alikuwa hazili. Anaziweka.

Mke wangu alitoka nje. Mimi nilibaki pale, nikalia mbele yake bila aibu, mtu mzima na ndevu zangu.

Nikaona vidole vyake bado vimeshika mkono wa hotpot. Nadhani alijua, na mimi nikajua, kwamba nikiibeba leo nikaenda nayo, mambo yetu yameisha kihalali. Kila mtu amepata chake.

Nikamwambia, "Mama, naichukua. Jumamosi inarudi, na haitarudi tupu."

"Jumamosi," akasema. Akanitazama vile unavyomtazama mtu aliyewahi kukudanganya. Kisha akaachia.

Jumamosi ile nilikuwa na shift. Niliibadilisha.

Tangu hapo hotpot inakwenda na kurudi. Inakwenda na kisamvu, maharage ya nazi, ndizi. Nyama haijaingia tena humo. Inarudi na biskuti. Siku hizi anatuwekea na maembe makavu anayoletewa na Nilesh. Mwanangu mdogo anakuja nami, na juzi Mama Kusum alimuuliza habari za shule, mtoto akajibu Kiswahili, maneno matatu, mbavu zangu karibu zipasuke kwa furaha.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa na kikao cha Krismasi ya mwaka huu. Nikawaeleza wote, nikamwomba radhi na yule mama aliyetoka kwenye group. Nikapendekeza tuachane na nyumba kumi na tano za siku moja, kila familia ichukue mzee mmoja wa mwaka mzima. Wengi walisema shift zinabana, na ni kweli zinabana. Familia nne zimekubali.

Nilichojifunza ni hiki. Kila Desemba tunahubiri kwamba Mungu alikuja kwetu. Lakini hakuja kwa dakika ishirini. Alizaliwa akakaa, akakua mtaani na watu, akala chakula chao, akawajua majina. Sisi tulichukua kuja, kukaa tukakuacha.

Nisiwachoshe zaidi. Kama kuna aliyepitia kitu kama hiki, awe Mkristo au la, aandike hapo chini, na mwenye kunichana anichane, nimestahili.

Ila kabla hujaandika, jiulize ni nani ulimwambia "nitapita Jumapili" na hukupita. Inawezekana yuko dirishani.