Asubuhi Nilizobaki Blanketini

Nilipaswa kumkatalia bwana yule palepale. Tulikuwa tumekaa kwenye hoteli moja ndogo karibu na soko la Sumbawanga, yeye akinywa chai, mimi nikingoja aseme alichoniitia. Alikuwa anashughulikia michezo wilayani, na alikuwa amenichagua nikashindane Mbeya kunyanyua vitu vizito.

"Kijana," akasema, "siku ambayo mwili haukubali, usiende kule ghalani. Baki nyumbani. Wewe sasa ni mfano kwa vijana, na mtu wa mfano haonekani akishindwa."

"Sawa, mzee," nikajibu.

Sikuuliza lolote. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, karani wa ofisi ya wilaya, nimemaliza kidato cha nne, na hakuna aliyewahi kuniita mfano wa kitu chochote.

Kabla ya hapo tulikuwa wawili tu. Mwenzangu alikuwa mpakizi kwenye ghala la nafaka, amenizidi miaka kama saba, mtu wa vijiji vya upande wa Chala. Shule hakwenda. Nilimwita kaka, yeye aliniita Karani. Vyuma vyetu tulivitengeneza wenyewe nyuma ya ghala. Kimoja kilikuwa ekseli ya lori bovu, kila ncha tumeichomeka kwenye debe na kulijaza zege. Hicho tulikiita Zito. Kingine kilikuwa bomba la maji lenye makopo mawili ya rangi, nayo yamejaa zege. Hicho tulikiita Jepesi, ingawa hakikuwa chepesi hata kidogo. Benchi letu lilikuwa ubao uliolazwa juu ya magunia ya pumba.

Tulikutana kila asubuhi kabla ya saa moja. Mwezi wa saba upepo wa Ufipa unakata masikio, na chuma kilikuwa baridi kiasi cha kuuma viganja. Nikilala kwenye ubao, yeye alisimama kichwani pangu, mikono yake ikiwa chini ya chuma bila kukigusa, tayari kukipokea. Nilikuwa nasikia pumzi yake na harufu ya mahindi kwenye koti lake. Nikimaliza, tunabadilishana. Sijui kama kuna mtu mwingine niliyewahi kumwamini hivyo, kifua wazi, na mzigo ule ukiwa juu ya koo langu.

Tatizo langu lilikuwa siku mbaya. Jumatatu ningenyanyua Zito mara nane na kuliweka chini nikicheka. Jumatano, mtu yuleyule, aliyekula ugali uleule wa ulezi na maharage yaleyale, ningefika mara tatu mikono ikaanza kutetemeka. Wakati mwingine sababu ilijulikana. Jumamosi sisi watumishi tulikuwa tunakwenda kulima shamba la pamoja upande wa Pito, kugeuza nyasi na kuzifukia kwenye matuta, na mabega yakadai siku mbili kusamehe. Wakati mwingine ilikuwa ni homa inayokuja. Lakini mara nyingi hapakuwa na sababu kabisa, na hilo ndilo lililonitesa. Wapakizi wengine waliokuja kutazama hawakunionea huruma.

"Karani! Juzi ulibeba dunia, leo debe limekushinda?"

"Muacheni, kalamu ya jana ilikuwa nzito!"

Mwenzangu alicheka nao, kisha akasukuma Zito pembeni kwa mguu. "Leo tunakwenda na Jepesi," akasema.

"Sitaki Jepesi, kaka. Nataka nijue kwa nini."

"Utajua nini? Kule kwetu, mama yangu akiamka hana nguvu, haachi kwenda shamba. Anapiga matuta madogo. Ila anafika." Akanipa bomba. "Nyanyua, tusichelewe kazini."

Basi nilinyanyua, nikiwa nimenuna, na yeye alinihesabia kwa sauti ileile aliyonihesabia siku za ushindi. Sikuelewa wakati ule kwamba hiyo ilikuwa nusu ya mazoezi yenyewe, na pengine nusu iliyo bora.

Baada ya ile chai, mambo yakabadilika. Mwanzoni nilikosa siku mbili katika mwezi. Nikawa naamka gizani, nanyoosha mikono ndani ya blanketi, najipima: leo ni siku nzuri au mbaya? Mtu anayejiuliza hivyo kwenye baridi ya Sumbawanga, jibu analo tayari. Siku mbili zikawa nne, nne zikawa nane. Na jambo la ajabu, kadiri nilivyozikimbia siku mbaya, ndivyo zilivyozidi kuwa nyingi. Nilibaki na siku chache nzuri tu, na hizo yule bwana aliziletea wageni. Watu wa chama, walimu, mara moja hata mpiga picha. Walinipigia makofi. Mwenzangu alisimama nyuma yangu na mikono yake chini ya chuma, amejaa vumbi la mahindi, na mpiga picha akamwomba asogee pembeni kidogo.

Siku nilizokosa, yeye alikuja. Hakuweza kulala chini ya Zito bila mtu wa kulipokea, kwa hiyo alinyanyua Jepesi peke yake na kwenda kazini.

Asubuhi moja aliniuliza, "Jana ulikuwa na homa?"

"Hapana. Mwili tu haukuja."

"Mwili hauji, Karani. Unaletwa."

Nikamweleza yale niliyoambiwa hotelini. Nilitaka anielewe. Alikaa juu ya debe, akasugua viganja vyake.

"Kwa hiyo wageni wana siku zako nzuri," akasema. "Na hizi mbaya unampa nani?"

"Simpi mtu, kaka. Nakaa nazo mwenyewe."

"Mimi nilikuwa nazitaka."

Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayeeleza kwamba chumvi imekwisha. Kisha akalala kwenye ubao akaniambia nisimame kichwani pake. Nilisimama. Kesho yake sikwenda.

Mbeya nilikwenda na yule bwana, kwenye lori, vumbi tupu mpaka Tunduma na baada yake. Nilifika nikiwa nimevunjika viungo. Nilipoamka siku ya mashindano nilinyoosha mikono kitandani kama kawaida yangu, na nikajua. Ilikuwa siku mbaya kuliko zote. Ila siku hiyo sikuweza kubaki kitandani.

Pale kila mtu huchagua mwenyewe uzito wa kuanzia, na hupewa majaribio matatu. Vyuma vyao vilikuwa vya kweli, sahani nyeusi zinazong'aa. Kama mwenzangu angekuwapo, angenitazama usoni mara moja na kusema tuanze na Jepesi. Mimi nilitaja uzito wa siku zangu nzuri, kwa sababu ndio pekee niliokuwa nimezoea kuutaja. Nikashindwa. Nikarudia uleule, nikashindwa. Mara ya tatu haukufika hata kwenye magoti. Hata aliyeshika nafasi ya mwisho aliandikiwa uzito wake. Mimi sikuandikiwa kitu. Yule bwana hakunisemesha mpaka tunarudi.

Niliporudi Sumbawanga sikwenda ghalani. Nilitoka ofisini kwa njia ya nyuma, nikajifungia chumbani juma zima. Nilijiambia nitakwenda nikiwa nimepata nguvu ya kuonekana. Hiyo ilikuwa miaka ya watu kuhamia vijiji vya ujamaa, na nilikuwa najua kwamba ndugu wa mwenzangu walikuwa kwenye orodha ya kuhama, maana orodha zile mimi mwenyewe ndiye niliyezipiga chapa. Sikufikiri kwamba angeacha kazi awafuate.

Nilipokwenda, nilimkuta mpakizi mmoja anashona gunia.

"Karani, umechelewa. Kaka yako kaondoka jana na gari la kuhamisha watu. Mama yake hawezi kujenga peke yake."

"Aliacha neno?"

"Neno gani? Alikaa hapo nyuma asubuhi sita, anakungoja. Tukamwambia, mfuate nyumbani kwake. Akasema hapana, akija kwa miguu yake itakuwa vizuri zaidi." Akakata uzi kwa meno. "Alijua ulishindwa. Redio ya wapakizi haina betri lakini inafika mbali. Alitaka mnyanyue pamoja kabla hajaenda, basi."

Kijiji walichohamishiwa hakikuwa mbali. Ningepata lori la kunifikisha, na ruhusa ofisini ningepewa. Nilisema nitakwenda baada ya mavuno, nikiwa nimetulia. Halafu baada ya mvua. Halafu nikioa. Kila mara nilijipima kwanza kama nilivyozoea, nikaona leo sina uso wa kwenda kusimama mbele yake. Miaka ikaenda hivyo, hadi siku moja mtu wa Chala aliyekuja ofisini kufuatilia cheti aliniambia kwamba mwenzangu amefariki, na kwamba hadi mwisho alikuwa akiwafundisha vijana wa kijiji kunyanyua magogo asubuhi.

Sikunyanyua chuma tena baada ya Mbeya, lakini hilo si neno; mwili ungezeeka tu. Nimekuwa na mke mwema, watoto, na majirani wa kuzungumza nao. Wote wananifahamu kama mtu mtulivu. Hakuna kati yao aliyewahi kuniona nimeshindwa, na hakuna niliyemruhusu asimame kichwani pangu. Kwa kukubali maneno yale ya hotelini nilipoteza rafiki mmoja niliyekuwa naye, na uwezo wa kupata mwingine.