Mwiba wa Nungunungu Kwenye Mtandio Wangu

Naanza kwa kukiri, maana mwisho wa siku mtayasikia kwa wengine na wao wataongeza chumvi: siku ile pale Haneti niliaibika mbele ya kijiji kizima, nikiwa na sare ya serikali mwilini na kipaza sauti mkononi, na aliyeniaibisha ni mimi mwenyewe, mama mmoja wa pale alinisaidia tu kumalizia. Mpaka leo wenzangu wakitaka kuninyamazisha kwenye kikao wananiuliza kama mtandio wangu umekaa sawa, na mimi nanyamaza kweli.

Kwa asiyenijua, mimi ni Saida, mtoto wa Kondoa, naishi Ipagala, Dodoma mjini, na nafanya kazi ya elimu kwenye ofisi ya serikali inayoshughulika na uhifadhi wa wanyamapori. Yaani nazunguka vijijini kueleza sheria: kwamba mnyamapori ni mali ya umma, kwamba sehemu yake yoyote inayodumu ni nyara ya serikali, na ukikutwa nayo bila hati ni kesi. Hotuba hiyo iko kichwani, naweza kuitoa yote huku nikiwaza mboga ya jioni (na ubaya wangu wote ulianzia hapo).

Haneti tulikwenda kwa sababu mambo yalikuwa yamechacha. Wiki chache nyuma askari wetu walikuwa wamemkamata kijana wa pale, Ndahani, kwa ajili ya ngozi ya digidigi. Alikuwa nje kwa dhamana, kila Jumatatu anaripoti polisi, jalada lake linasubiri kwenda mahakamani, na kijiji kilikuwa kimenuna. Tembo walipokula mtama wao hatukuonekana, walisema, lakini ngozi moja ya kukalia tumeiona. Basi mkuu wangu wa kazi (tunamwita Mkuu tu, hata akiwa hayupo) akapanga mkutano: watu waelezwe sheria, meza iwekwe mbele, na mwenye nyara nyumbani ailete mwenyewe, asalimishe kwa hiari, hatashitakiwa. Njiani akanikumbusha mara mbili kwamba watu wale hawatuamini, nichunge kila neno. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Sasa, upepo wa Dodoma mnaujua. Nashuka kwenye gari, upepo unanikamata mtandio, naushika, pini inakatika na kudondoka kwenye vumbi. Watu wameshakaa, mwenyekiti wa kijiji ameshapokea kipaza sauti, na mimi kichwa wazi. Pale palikuwa na wanawake wangapi wenye pini kwenye kanga zao? Ningemwomba yeyote. Lakini nikaona haya, afisa mzima aanze mkutano kwa kuombaomba pini. Nikapekua begi, mkono ukagusa mwiba wa nungunungu ambao mama alinipa kwa ajili ya kugawia nywele wakati wa kusuka (kwetu Kondoa mama alikuwa nao tangu sijazaliwa, na mimi nimekaa nao miaka bila kuufikiria, kama mtu asivyofikiria chanuo). Mweupe na mweusi, mgumu, mrefu. Nikaupitisha kwenye mtandio, nikajitazama kwenye kioo cha gari, nikajiona nimependeza. Wallahi nilijiona nimependeza.

Nikasimama, nikawasalimia kwa Kigogo, Mbukwenyi, wakaitikia shingo upande. Mwenyekiti akaninong'oneza kwamba yule mama aliyekaa mbele kabisa kwenye mkeka, kanga ya zambarau, ndiye mama yake Ndahani. Alikuwa ananitazama. Nikakwepa macho yake nikaanza hotuba, na kwa woga nikaitoa kwa ukali kuliko siku zote. Nikasema pembe ni nyara. Ngozi ni nyara, jino, kucha, unyoya, ganda la yai la mbuni, hata mwiba wa nungunungu. Nikasema haijalishi uliokota porini au ulirithi kwa bibi yako. Nikasema kutokujua sheria si utetezi. Nikasema kitu halali kina hati, na hata vile vya ofisini tunavyofundishia vina namba, kimoja kimoja.

Nilipofika kwenye mwiba watu walianza kugusana viwiko. Kukatokea kicheko cha chini chini, kikapita kutoka mbele mpaka kwenye kuta za ofisi ya kijiji, nami (Mungu anisamehe) nikadhani mada imewakolea, nikarudia lile neno kwa msisitizo.

Mama Ndahani akanyanyua mkono. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba vizuri tu, akanyanyuka taratibu, akajifunga kanga upya.

"Mwanangu," akasema, "hicho ulichochomeka kichwani ni nini?"

Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Ukaugusa ule mwiba. Mkuu alikuwa amekaa nyuma ya ile meza tupu, nikamwona anaweka kalamu chini. Na badala ya kusema kweli hapo hapo, ikaniponza akili ya haraka, nikasema ni sampuli ya kufundishia, nimeivaa makusudi nione nani yuko makini. Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Mama yule hakucheka wala hakukasirika. Alisema kwamba yeye hajui kusoma, anaomba mwenyekiti aje atusomee namba yake.

Jamani. Mwenyekiti alikuja kweli, pole pole, mtu mwenye adabu zake, akasimama mbele yangu akinyoosha kiganja. Nikauchomoa. Mtandio ukaruka, nikaudaka kwa mkono wa kushoto, kipaza sauti kikaanguka na kupiga kelele iliyowafanya watu wazibe masikio, na mimi nimebaki nimejishika kichwa kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Mwenyekiti akaugeuza ule mwiba huku na huku, akautazama mpaka kwenye ncha. Akasema haoni namba.

"Basi niambie," mama akasema. "Umekisalimisha, au nimekukamata?"

Hapo ndipo nilipoogopa kweli kweli, maana nilielewa anakokwenda. Mkuu alikuwa ameshasimama, na uso wake ulikuwa unaniomba niseme nimesalimisha, tuuweke mezani, tucheke, yaishe. Ningesema hivyo nisingeguswa. Kusema nimekamatwa kungeweza kunipotezea kazi, na nina mkopo wa kiwanja na mama anayenitegemea. Nilimtazama yule mama, na hakuwa na ushindi wowote usoni. Alikuwa anataka jibu.

Nikamwambia, "Umenikamata, mama."

Akaitikia kwa kichwa. Ndipo akawageukia watu wote, si mimi, akaeleza siku ile ilivyokuwa. Askari walifika kwao mchana kuuliza njia walikopita tembo. Mwanawe akawakaribisha, na kwa kuwa kigoda kilikuwa kimoja akaingia ndani akatoa ngozi, akaikung'uta vumbi, akawatandikia wageni wakae. Wakakaa. Wakanywa maji. Walipomaliza kunywa ndipo wakamwuliza ngozi ni ya mnyama gani, akawaambia.

"Huyu wa serikali kajua sheria akaficha, kakamatwa," akasema. "Wangu aliitoa mwenyewe ndani, akaandikiwa kakutwa. Nani aliandika?"

Aliyeandika ni mimi. Askari walinipigia simu kutoka porini, mtandao unakatika, nikaijaza taarifa mezani kwangu Dodoma kama ninavyojaza zote (nisipokuwa vijijini, taarifa za askari huandika mimi), amekutwa akimiliki, bila kuuliza amekutwaje, nikabonyeza kutuma nikaenda kula. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema ni mimi, kwa sauti ndogo, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa chini watu wa nyuma wakaanza kuulizana kasema nini, ikabidi nirudie kwa kupiga kelele (kukiri kosa kwa kelele, hilo nalo sikuwahi kulifikiria maishani).

Mkuu alinisogezea fomu. Zilikuwa za aina mbili, ya kusalimisha na ya kukutwa na nyara, nikavuta ya pili, nikaanza kuandika jina langu kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshikilia mtandio, karatasi inapeperuka, mwandiko unapanda na kushuka. Mara nikasikia mikono kichwani. Mama Ndahani alikuwa amechomoa pini kwenye kanga yake. Alinifunga mtandio taratibu chini ya kidevu, kama anavyofungwa mtoto anayekwenda madrasa, akaniambia niandike sasa, mikono miwili. Nikaandika huku machozi yanadondokea kwenye fomu ya serikali.

Meza ile ilirudi Dodoma na kitu kimoja tu, mwiba wangu, kwenye bahasha. Kesho yake nikatakiwa kuandika barua ya kujieleza. Nusu ya kwanza nilieleza ya kwangu, nusu ya pili nikaeleza ya Ndahani, na Mkuu akafoka kwamba hakuniomba nusu ya pili, akaibeba barua akaondoka nayo. Lakini baadaye nikasikia amewaita wale askari wawili akawauliza swali moja, walikaa juu ya nini siku ile, nao wakakiri. Jalada likarudishwa kutoka lilikokuwa, likakaa siku nyingi kwa wanasheria, na Jumatatu moja Ndahani alipokwenda kuripoti akaambiwa arudi nyumbani, asije tena. Mimi nilipata onyo la maandishi, limo kwenye faili langu mpaka nitakapostaafu, na sioni kama nilionewa.

Nimeapa mambo mawili. Siendi kufundisha tena kabla ya kumwaga begi langu lote kitandani na kutazama kimoja kimoja. Na sitaandika tena kwamba mtu amekutwa kabla sijauliza alikutwaje, hata simu ikatike mara kumi.

Niliporudi Haneti, safari hii kwa basi na bila sare, nilimkuta Mama Ndahani anapepeta mtama uani. Ndahani alinitolea kigoda. Nikafungua kitambaa nikampa mama pini yake, nikamwambia samahani nimechelewa kuirudisha. Aliitazama, akanitazama, akaichomeka kwenye kanga yake.

"Umeileta mwenyewe," akasema. "Sijakukamata."