Mama Aliyezuiliwa Mezani

Saa kumi na mbili kasorobo, asubuhi ya Jumanne iliyopita, kengele ya kanisa letu hapa kijijini Ruanda, si mbali na Tunduma, ilianza kugongwa polepole, nasi tuliokuwa tukienda kuchuma kahawa tukasimama njiani, tukajua kuna msiba. Aliyefariki ni mama mmoja mjane ambaye wengi wenu msomao safu hii hamkumjua. Hakuwa mke wa mchungaji wala mwimbaji, na sina hakika kama aliwahi kuomba kwa sauti mbele ya watu. Naandika habari zake kwa sababu kila nikimkumbuka naona haya, na nadhani si mimi peke yangu.

Desturi ya kanisa letu ni kwamba Jumamosi kabla ya Meza ya Bwana, kila mshiriki huingia peke yake kwa mzee wa kanisa, akaulizwa hali ya moyo wake. Ni desturi njema, ila tuliiharibu wenyewe. Jibu lililokubaliwa tulilijua sote: "Moyo wangu umetulia." Tulikaa kwenye benchi nje tukitaniana. "Shemeji, leo umetulia?" "Kama maji ya mtungini!" Tukaingia, tukasema hivyo, tukatoka. Mwaka mmoja kabla ya Vita Kuu ya Pili, mama huyu alikuwa amemzika mtoto wake wa pili, na mumewe alikuwa migodini Rodesia. Mashemeji zake walimbana: "Twende kwa mganga ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, tumjue anayewala watoto wa ndugu yetu. Ukikataa, tutajua ni wewe." Akakataa, akaja kwetu kanisani Jumamosi ile. Mlango ulikuwa wazi, nikamsikia akimjibu mzee, "Baba, nimemkasirikia Mungu. Nikifumba macho niombe, naona kaburi." Mzee akasema, "Basi, mwanangu, kwa moyo huo huwezi kuja mezani. Ukitulia utarudi." Alipotoka hatukumtazama usoni. Zamu iliyofuata ilikuwa yangu. Mimi niliyejifundisha kusoma kwa Biblia, wakati ule nilikuwa sijaomba sala ya kweli kwa muda mrefu. Nilisema moyo wangu umetulia, nikaruhusiwa.

Jumatano yake mzee aliniita nikamsaidie kuziba paa la kanisa lililovuja. Tukamkuta mama yule ameketi benchi la nyuma, kajifunika khanga mabegani.

"Mama, si tulikuambia usubiri?" mzee akamwuliza.

"Nimezuiliwa mezani, baba. Na mlangoni pia?"

"Lakini sioni ukiomba."

"Siombi. Nimekaa tu."

"Unakaaje kwake yeye uliyemkasirikia?"

Akageuka kututazama. "Mtoto akichapwa na mama yake, baba, hulilia wapi? Si hung'ang'ania nguo ya mama huyo huyo? Mashemeji wananiita mchawi, ninyi mnaniita mkosefu. Niende wapi tena?"

Mzee akanigeukia, kana kwamba mimi msomaji ningekuwa na andiko la kumjibu. Nikapanda juu ya paa.

Mashemeji walimfukuza nyumbani, mumewe akiwa bado migodini, akahamia kwa kaka yake, na bado alitembea kuja kukaa pale kanisani. Baada ya mavuno mawili akaingia tena Jumamosi kwa mzee. "Umetulia?" "Siku nyingine natulia, siku nyingine hapana. Lakini sijaondoka." Mzee akamruhusu. Miaka ilipita, mzee akaugua ugonjwa ambao hakupona. Kwaya ilikuja kumwimbia. Akawaomba wapumzike, akaagiza mama yule aitwe. Alipofika, mzee akamwambia mbele yetu, "Mwanangu, naogopa. Sikujua nitaogopa hivi." Mama hakumkemea, wala hakumkumbusha lolote. "Sogea kidogo, baba," akasema, "tukae." Akakaa naye mpaka jioni.

Siku hizi tuna kanisa la matofali na bati, na vijana wetu hushuhudia kwa ufasaha kuliko sisi. Lakini nasikia jibu ni lile lile. Wakulima tunaijua hila ya kuweka kahawa safi juu ya gunia na mbovu chini, na tunajua pia kwamba mnunuzi hutia mkono mpaka kitakoni. Mbele za Mungu tunasahau. Mwenye shaka anaificha kanisani, kisha usiku anaipeleka ng'ambo kwa mganga, kwa kuwa huko haulizwi kama ametulia. Mama huyu alikuwa na sababu ya kwenda huko kuliko yeyote kati yetu, akachagua kumpelekea Mungu hasira yenyewe, bila kuisafisha. Mtu anayefika kwenye kimbilio akihema haulizwi kwa nini anahema. Sisi tulimwuliza, tukamtoa. Naye aliingia kwa mlango mwingine, akakaa ndani, na sisi tuliopangusa jasho kwanza ili tuonekane tumetulia hatujui mpaka leo kama tumeingia.