Zoraida Quiles Anagonga Meza

Kwa Profesa Magaly Cintrón wa Mayagüez, hoja kusimama kwenye karatasi hakutoshi. Mwanafunzi wake wa shahada ya kwanza anayetafiti hesabu za michezo hukaa mezani kwenye bonanza la Ijumaa, na yeyote anayetaka humjaribu. Akifungwa, utafiti wake haufiki jukwaani kwenye kongamano la San Juan.

Zoraida Quiles, binti wa fundi cherehani wa Añasco, alishafungwa mara moja.

Mchezo wake hauna makuu. Vipande vya dhumna hulazwa kifudifudi kwa mafungu. Kila mchezaji, kwa zamu, huondoa vipande atakavyo kutoka fungu moja, na anayeondoa cha mwisho ameshinda. Nyongeza ni ya Zoraida mwenyewe: mara moja tu katika mchezo mzima, mchezaji mmoja anaweza kugonga meza na kuruka zamu yake. Akishagonga, mwenzake hana tena nafasi hiyo.

Muhula uliopita alidai kwamba kipande kimoja kikikaa na mafungu mawili yaliyo sawa, anayeanza hushindwa. Edgardo Matías, bingwa wa bonanza, akapanga kimoja, viwili na viwili, akazoa fungu zima la viwili, na hoja ikafa palepale. Sasa Zoraida alirudi na marekebisho: mafungu hayo mawili yawe ya vitatu au zaidi.

"Leo vitano vitano," Edgardo alisema. "Umekuja na leso, Zori?"

"Anza, bingwa. Maneno hayaondoi kipande."

Edgardo aliondoa viwili kwenye fungu moja. Zoraida akaondoa viwili kwenye jingine. Edgardo akakichukua kile kimoja cha pembeni, akaegemea kiti. Vitatu kwa vitatu, zamu ya Zoraida. Kwa macho ya wengi, chochote atakachoondoa, mwenzake atamwiga mpaka mwisho.

"Kwisha habari yake," mtu akasema nyuma.

Zoraida akagonga meza.

"Wee! Unagonga na vipande vipo?" Edgardo aliruka. "Aibu hiyo, dada! Kwenye dhumna anagonga asiye na cha kucheza."

"Ndiyo maana hukuiona. Zamu yako."

Edgardo amekulia kwenye meza za dhumna, ambako kugonga ni kukiri unyonge. Lakini hata angeiona, asingepona. Hoja yenyewe ndiyo inasema hivyo. Aliondoa viwili, Zoraida akaondoa viwili. Edgardo akaondoa kimoja. Zoraida akakinyanyua cha mwisho, akakigeuza juu taratibu.

Ukumbi ulilipuka.

"Nani mwingine?" Zoraida aliuliza.

Wakaja, wakapanga vinne, saba, tisa. Wote waliondoka mikono mitupu, na Edgardo aliporudi na vinane, akafungwa tena.

Profesa Cintrón alisimama. "San Juan anakwenda Quiles. Edgardo, wewe utabeba bango lake."

"Nitabeba, Profesa," Edgardo alisema. "Ila swali la kwanza kule nauliza mimi."

"Uliza," Zoraida alimjibu, akipanga vipande upya. "Jibu unalijua."