Malalamiko ya Bi Vieno Juu ya Jiko la Sauna

Toivo aliporudi kutoka hospitali, mwembamba kama unyasi, hakuomba supu. Aliomba mvuke. Jiko lao la sauna, kile chumba cha kuogea mvuke, lilikuwa limetobolewa na kutu, basi mkewe Vieno akanunua jipya kwa Hakala, fundi wa ng'ambo ya ziwa.

Jumamosi wakaingia. Vieno akayamwagia maji mawe ya moto yaliyo juu ya jiko, mvuke ukapanda ukinuka rangi iliyoungua. Toivo akakohoa, akatoka, akaketi kwenye ngazi akitazama ziwa. Jumamosi iliyofuata hakuingia kabisa.

Vieno si mtu wa kelele, ila hili lilimkaa rohoni. Akapanda basi hadi mjini. Ofisi ya afya wakamsikiliza kwa upole, wakamwelekeza zimamoto. Zimamoto wakamuuliza kama nyumba imeungua. Haijaungua, basi aende kwa wakaguzi wa vyombo. Kila mahali alichukua namba ya foleni, akakaa mbali na wenzake kama ilivyo adabu ya kwao, akitazama theluji ya mwisho ikidondoka kama unga usio na haraka, na mawazoni, ndani ya kioo cha dirisha, akiyaona mabega ya Toivo yakififia.

Mkaguzi ndiye aliyemwonyesha mlango wenyewe: ofisi ya kuwatetea wanunuzi, ghorofa ya juu. Humo alikuwamo dada mmoja, Inka, mwenye sweta ya kijani.

"Na muuzaji alikujibu nini, mama?"

"Sijamwambia."

"Umezunguka ofisi zote hizi, na mwenye jiko hajui?"

"Ni mtu mwema. Sikutaka kumsumbua."

Inka akainamisha uso kuficha tabasamu. Mama yake mzazi angefanya vivyo hivyo. Akamweleza kuwa amefika panapohusika, lakini sheria hutaka muuzaji aambiwe kwanza.

"Kama maneno ni mazito, mwalike sauna. Akigoma, rudi, nitamshika mimi."

Hakala akaja Jumamosi, taulo begani. Toivo akajikongoja kuingia naye, maana mgeni haachwi peke yake. Vieno akabaki kwenye ngazi. Akasikia maji yakichachatika juu ya mawe. Kikohozi kimoja. Halafu cha pili, nacho hakikuwa cha Toivo.

"Mzee," Hakala akasema taratibu, "mmenivumilia mno. Nitawaletea jingine."

Akaleta. Jumamosi iliyofuata barafu ya ziwa ilikuwa imeanza kuachia ukingoni, na mvuke uliovuja mlangoni ulinuka maji na jiwe tu. Vieno alikuwa amesinzia kidogo pale ngazini aliposikia sauti ya Toivo ikimwita kutoka ndani.

"Vieno, njoo uongeze maji."