Kanda ya Vinanda na Sauti ya Dativa

Ninyi wenzangu mliokulia Ngara miaka ile wakimbizi walipomiminika, mtanielewa nikisema utoto wetu ulikuwa na vumbi jingi. Malori ya misaada yalipita kutwa kucha, vilima vilivyokuwa na miti vikabaki vipara, na sisi watoto wa Nyamiaga tukawa tunakwenda mbali kutafuta kuni za kupeleka shuleni. Mwalimu wa zamu hakutaka kusikia habari za wakimbizi, alitaka kuni. Leo mwanangu nikimwambia afagie uwanja ananiuliza kwa nini. Nimechoka kumjibu. Ndiyo maana haya nawaandikia ninyi, watu wa rika langu, msiohitaji kuelezwa ladha ya ugali wa unga wa njano.

Ladha yenyewe ilikuwa mbaya, lakini tuliula. Unga ule ulitoka kambini, tukaupata kwa kubadilishana na ndizi na mihogo, na mama aliuchanganya na unga wa muhogo ili ushuke kooni. Mafuta yalikuja kwenye makopo makubwa. Kopo likiisha mafuta lilikuwa ndoo, na likitoboka lilipasuliwa likawa paa la banda la kuku.

Chumba chetu cha uani alikipanga fundi mmoja wa Kizungu aliyetengeneza yale malori ya misaada. Alikuwa mrefu na mpole, na shikamoo yake aliwapa hata watoto wa darasa la kwanza, nasi tulimwitikia marahaba kwa sauti nzito ya wazee. Siku ya kuondoka alimwachia kaka yangu Deo kanda moja ya kaseti, kwa kuwa Deo ndiye aliyekuwa akimsaidia kuosha gari. Alimweleza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga kwamba waliopiga ni bendi ya rock, ile rock ya kuota ndoto ukiwa macho, na kwamba safari hii magitaa wameyaweka pembeni; karibu albamu nzima wameipiga kwa vinanda vya umeme. Juu ya kasha palichorwa jua la zambarau likiyeyukia ziwani. Tangu siku hiyo Deo akawa hashikiki.

Mara ya kwanza tulipoipiga, baba aliigonga redio ubavuni akidhani imeharibika. Sauti ilianza kwa mbali kama nyuki mzingani, ikapanda, ikayumba, ikakaa hivyohivyo muda mrefu bila mtu yeyote kuimba. Bibi alivumilia hadi mwisho wa wimbo wa kwanza, akasema, "Huu si wimbo, hii ni homa." Kesho yake akauliza kama homa ile itapigwa tena. Mama aliupenda zaidi upande wa pili, akasema mwendo wake unafaa kuchambulia maharage. Sisi watoto tuliubunia mchezo: vinanda vikianza unatembea kana kwamba uko ndani ya maji, na atakayecheka kwanza ndiye anayekwenda kuteka maji kisimani. Deo peke yake hakucheza. Alikaa na sikio karibu na spika, macho ameyafumba, na ole wako umguse.

Betri tulizianika juani zipate nguvu kidogo, nyingine tukaziuma kwa meno. Kanda tuliirudisha nyuma kwa kalamu ili tusizimalize betri. Kwa hiyo albamu uliisikiliza yote, nyimbo unazozipenda na usizozipenda, kama misa. Vijana wa leo hawamalizi hata wimbo mmoja. Anaonja utangulizi, anaruka, na kila mmoja kaziba masikio kwa vidude vyake. Nyumba moja ina nyimbo tano na hakuna anayemsikia mwenzake. Haya, ni zama zao.

Wakati huo alikuwa anakuja kwetu Dativa, mkimbizi kutoka Burundi, kulima vibarua. Wazee husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Dativa alifika siku ya kwanza na jembe lake begani na mtoto mgongoni. Kirundi chake na Kihangaza chetu vilielewana bila mkalimani. Yeye na mumewe walipoteana katika purukushani za kukimbia, na mtu mmoja alikuwa amemwambia kwamba mumewe ameonekana kambini upande wa Kibondo, ingawa hakuwa na hakika. Habari hiyo ndiyo iliyokuwa ikimwamsha asubuhi. Akilima, kila lori likipita barabarani alinyoosha mgongo akatazama.

Mnakumbuka kwamba kwa wengi wasiojua kuandika, kanda ndiyo iliyokuwa barua. Unasema maneno yako kwenye redio, unampa dereva wa lori, naye akifika huko anaulizia mtu wako kwa jina na kwa kilima alichotoka, maana kwa Warundi kilima ndicho kijiji. Mama ndiye aliyemshauri Dativa afanye hivyo. Tatizo likawa kanda. Nyumbani tulikuwa na mbili tu: moja ya kwaya ya kigango, ambayo baba aliiazima, na ile ya Deo. Mjini kanda tupu zilikuwa zimekwisha madukani. Kila mtu alikuwa akimtafuta mtu.

Mama hakumlazimisha Deo. Alisema tu, huku anamenya ndizi, "Wewe utakosa wimbo, mwenzio amekosa mtu."

Deo aliingia ndani akakaa sana, kisha akatoka na kanda yake. Mnajua kwamba kanda za nyimbo huuzwa matundu yake ya juu yakiwa wazi ili mtu asirekodi juu yake. Deo alitafuna karatasi, akayaziba, akabonyeza kitufe chekundu. Nilimtazama wakati mwanzo wa ule wimbo wa kwanza ukifutika. Machozi yalikuwa yanamtoka na mkono ameubana mdomoni, kilio chake kisije kikaingia kwenye kanda.

"Ni mimi, Dativa," alisema kwa Kirundi, akiwa ameinamia redio kama mtu anayemwamsha mgonjwa. "Niko Ngara. Nimeambiwa kuna mtu amekuona huko. Mtoto yupo, anatambaa. Nalima kwa watu, sijalala njaa. Kama unanisikia, njoo, au sema nije wapi." Akanyamaza. Deo alipokaribia kuzima, akaongeza haraka, "Ameota meno. Meno manne."

Kanda ikaondoka na dereva mmoja wa malori ya kwenda Kibondo. Nyumba ikawa kimya hadi bibi akalalamika kwamba homa imepona vibaya. Deo alijaribu kuviiga vile vinanda kwa mdomo tukiwa shambani, nasi tukamcheka, lakini tulimwambia asiache. Dativa aliendelea kuja. Tulipalilia maharage, tukayavuna, tukayapiga, na ndipo dereva yule aliposimamisha lori mbele ya nyumba.

Mama alimkalisha Dativa kwenye mkeka. Deo akabonyeza. Ilitoka sauti ya mwanamume, na kwa jinsi Dativa alivyokunja uso nikajua si mumewe.

"Dativa, mimi ni jirani yako wa kule kilimani. Kanda imefika kwangu kwa sababu mwenyewe hayupo. Aliyekwambia amemwona alikosea. Tulimzika njiani, kabla hatujauona mpaka. Utusamehe, dada. Mlee mtoto."

Hayo tu. Kwa kuwa maneno ya jirani yalikuwa machache, hayakufuta yote aliyosema Dativa. Kitufe alichozimia jirani kikalia, na ikatoka sauti yake mwenyewe, bado inazungumza na mumewe: "...au sema nije wapi." Kimya kile. Kisha, "Ameota meno. Meno manne." Na mara vinanda vikaanza, katikati ya wimbo.

Deo alinyoosha mkono azime, Dativa akamshika. Aliusikiliza upande ule hadi mwisho, mtoto amelala mapajani. Mama alishuka kwenye kigoda akaketi naye chini hadi kanda ilipogota. Jioni Dativa alichukua jembe akaenda kumalizia tuta lake, na baba alipomwambia aache alitikisa kichwa.

Aliporudi kwao, baada ya miaka, aliondoka na kanda ile. Deo ndiye aliyemfungia kwenye kitambaa. Hatukupata habari zake tena.

Siku hizi Deo ana mvi na duka la vipuri Biharamulo, na muziki hausikilizi. Nyamiaga kila mfuko una simu. Mtu anatumiwa sauti na mama yake mzazi, hamalizi hata nusu, anaifuta ili apate nafasi ya picha. Juzi mwanangu alikuja mbio na simu yake. Niliwahi kumsimulia juu ya lile jua la zambarau, naye kaitafuta albamu hadi kaipata. "Mama, hii hapa, nzima! Haina hata mkwaruzo."

Akaniwekea wimbo wa kwanza, ule ambao mwanzo wake sijausikia tangu Deo alipobonyeza kitufe chekundu. Ni wimbo mzuri jamani, mzuri kuliko nilivyoukumbuka. Mtoto alikuwa ananitazama usoni akingoja nifurahi, na sikutaka kumvunja moyo. Lakini ulipofika pale palipokuwa na yale meno manne nilimwomba azime. Yeye alikuwa ameniletea wimbo uliopotea. Mimi nilisikia kama mtu amemfuta Dativa.