Nafasi ya Kidole Ukutani

Mama alikubaliwa kubaki nyumbani kwake Mhezi, juu mlimani, kwa sharti moja, na sharti hilo nililiweka mimi: awe anaweza kutoka nje peke yake. Akishindwa, atashuka kukaa nami Same. Alikubali bila kubisha. Nikaingiwa na wasiwasi, maana Same yeye anaiita tanuri kwa joto lake.

Nyumba yake imekaa kwenye mteremko. Ukiingia mlangoni unakuta ukumbi mdogo, kisha ngazi tatu za kupanda sebuleni, vyote vya saruji. Ukungu ukishuka kutoka msituni, saruji hutoka jasho. Baridi yake ilimpanda magotini, na mara mbili aliteleza. Baada ya mara ya pili hakuthubutu kushuka mpaka nifike Jumamosi nimshike mkono. Mimi nilikuwa nimepunguzwa kazini, kwenye ofisi ya shamba la mkonge, na ndugu zangu wakaona kwamba sasa nina muda. Kwa hiyo kila Jumamosi nilipanda mlima.

Miaka ile maduka yalijaa vitu tusivyowahi kuviona, tukawa tunavitazama na kupita. Mjini Moshi niliona vibao vya sakafu vinavyouzwa kwa maboksi: juu picha ya mbao, ndani unga wa mbao ulioshindiliwa, ubavuni ulimi na mfereji ili kimoja kishikane na kingine. Nilikigusa kimoja. Hakikuwa na baridi. Nilinunua vya kutosha ukumbi na ngazi tatu, nikavipanga chumbani kwangu Same, chini ya bati, nikingoja barabara ya mlimani ikauke. Vilikaa miezi miwili katika joto lile.

Fundi niliyempata alitoka Singida. Alikuja kukata mkonge, na mashamba yalipodorora akageukia useremala. Gari lilitushusha mbali na nyumba, tukabeba maboksi kichwani. Alifika anatetemeka, koti amelifunga hadi kidevuni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndizo hizo mbao?" Mama alichukua kibao, akakigonga kwa ukucha. "Hii ni picha ya mti. Mti wenyewe si umesimama hapo nje?"

"Ule wa nje haujui kulala chini, bibi."

"Na huu ukiamka?"

Tukacheka. Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ya michoro. Mmoja ulionyesha boksi limelazwa chumbani, pembeni saa iliyoandikwa 48. Nikaelewa kwamba vibao vinatakiwa vilale siku mbili nyumbani kabla ya kutandikwa. Nikamweleza fundi.

"Dada, zimelala kwako miezi miwili. Zilale tena?"

Gari la kurudi lilikuwa kesho yake. Nikamwambia aanze.

Mchoro wa pili ulionyesha pengo kati ya kibao na ukuta. Hilo fundi alilijua. "Ukutani tunaacha nafasi ya kidole," alisema. "Mbao inapumua." Nikautazama ule mstari mweusi unaozunguka ukumbi. Niliona vumbi, sisimizi na punje za mahindi vikijaa humo, na mtu wa kuinama kuvitoa nilimjua.

"Funga, fundi."

"Sasa itapumulia wapi?"

"Funga tu. Nimechoka na mashimo ya nyumba hii."

"Haya. Mpare sibishani naye, atanipeleka mahakamani." Akagonga vibao mpaka vikabana ukuta pande zote. Kwenye ngazi alivibandika kwa gundi, na ukingo wa kila ngazi akaupigilia ufito wa mbao ngumu uliokwaruzwa mistari ili mguu usiteleze.

Siku ya pili mama alishuka mwenyewe, kiganja ukutani, miguu yote miwili ikikutana kwenye kila ngazi. Alivuka ukumbi, akavuta mlango, akatoka. "Mguu hauogopi," alisema.

Jumamosi tatu sikupanda. Nililala mchana kama mgonjwa.

Mvua zikaanza na ukungu ukashuka. Wiki ya nne, mama mmoja wa Mhezi aliyekuja sokoni Same alinisimamisha. "Shoga, mama yako anapewa makande dirishani."

Nilimtafuta fundi, tukapanda pamoja. Jirani alikuwa chini ya dirisha na sufuria tupu. Mlango ule ni wa kufungukia ndani, na ndani vibao vilikuwa vimevimba, vikakosa pa kwenda, vikainuka katikati ya ukumbi kama mgongo wa ng'ombe. Mlango ulikuwa umekwama juu ya mgongo huo tangu asubuhi ya jana yake.

Fundi alivua koti, akaingia dirishani kichwa kwanza. Nilisikia sauti ya mama: "Eti fundi wa sakafu, anapita dirishani!" Kisha patasi na msumeno, kwa muda mrefu. Alikata ukanda mwembamba kandokando ya ukuta wote, na sakafu ikashuka kwa mlio mmoja mkubwa. Mlango ukafunguka. Nikaingia.

Mama alikuwa amesimama ngazi ya juu. "Nani alisema ibanwe hivi?"

"Ni mimi, bibi," fundi akasema. "Nilikosea."

Niliinama nikaokota vipande vya mbao.

"Hukukosea wewe," mama akasema. "Humu ndani kuna mtu tangu utoto wake anaziba hata tundu la panya kwa karatasi za daftari."

Akashuka. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ukumbini alipunguza mwendo pale palipokuwa na mgongo, akapajaribu kwa kidole cha mguu, akapita. Alitoka hadi uani na kukaa kwenye kigoda, uso ukielekea jua hafifu. Habari ya kuhamia Same ikaishia hapo.

"Mama," nikamwambia, "niliyemwambia afunge ni mimi."

"Najua. Leta ufagio."

"Wa nini?"

"Ule mstari wa ukutani umeshaingia uchafu, na mimi siinami."

Nilipiga magoti, nikaanzia pembe ya mlango. Jumamosi iliyofuata nilipanda tena.